Amevuka, Shemeji

Kon Tum, Vietinamu
9 Machi 2025

Shikamoo Babu,

Najua barua hii itapita mikononi mwa mkweo Matrida kabla haijakufikia. Nimeiandika kwa kalamu kama ulivyonifundisha, nitaipiga picha, nitamtumia kwenye simu, naye ataichapisha pale stationari ya Iringo. Mwambie asiisome kwa sauti dukani. Mara ya mwisho mwenye duka alimuuliza kama nimeshapata mchumba huku.

Jana hatukuwa na darasa la mihogo, hii kozi ya kilimo iliyonileta huku, nikajiunga na ziara ya siku nzima vijijini. Huku ni nyanda za juu, Babu, asubuhi unavaa sweta. Wageni tulikuwa wachache, kila mmoja amepakiwa nyuma ya pikipiki. Mwongozaji wetu anaitwa Thanh, mwembamba, mcheshi, Kiingereza chake kibovu kuliko changu, jambo lililonipa raha sana.

Tulipita mashamba ya kahawa yaliyochanua maua meupe, tukapita misitu ya miti ya mpira, kisha mihogo, kilima baada ya kilima, mpaka nikajiona niko Mugango. Mchana tukafika kijiji chenye nyumba ya mikutano iliyosimama juu ya nguzo, paa lake refu jembamba kama shoka lililoelekezwa mbinguni. Bibi mmoja alitupikia wali ndani ya mianzi. Alinishika mkono, akaugeuza, akauliza kitu. Thanh akacheka: "Anauliza, kwenu analima nani kama wewe uko hapa?"

Lakini lililonifanya nikuandikie lilitokea baadaye. Tulipokuwa tunapanda kwa miguu kwenda kwenye maporomoko, Thanh aliacha mzaha ghafla. Akasema tufuatane, wa nyuma akanyage alipokanyaga wa mbele. Pembeni ya njia ardhini kuna mabomu ya vita vya zamani ambayo hayajalipuka. Nilimuuliza anajuaje njia. Akasema mama yake alimwonyesha, na mama alionyeshwa na waliopoteza miguu. Halafu akasema: "Kuonyesha, kila mtu anaweza. Kuongoza ni kujua pasipokanyagwa."

Babu, nimeamua. Nikirudi naanzisha ziara yangu. Nitawachukua wageni Bunda wanapotoka Serengeti, niwapeleke Butiama, wapande kilima cha Mawe Mawili, wale chakula cha Bibi Marieta juu kule, pale penye duara la miti ya minyaa. Panapendeza kama pamepangwa na mtu. Na huko nitawasimulia habari za babu yangu mzaa baba, Mniko, rafiki yako. Katika rika lenu ni wewe tu uliyebaki unayemjua vizuri, kwa hiyo andaa maneno.

Mjukuu wako,
Prudence


Kitaji, Musoma
14 Machi 2025

Marahaba mjukuu wangu,

Nimeisoma barua yako mara nyingi. Umeandika vizuri. Nimependa sana huyo Thanh wako, na huyo bibi aliyeuliza swali la maana kuliko maswali yote ya wakaguzi niliowapata katika maisha yangu ya ualimu.

Wazo la ziara ni zuri. Nina neno moja tu. Pale penye minyaa usipafanye pa kulia. Pana nyoka, na jua la mchana ni kali. Wapeleke wageni wako chini, kwenye mkuyu wa kisimani, kuna kivuli na upepo. Mawe Mawili wayaone kwa mbali, yanapigika picha vizuri zaidi kwa mbali.

Kuhusu Mniko, mzee akikumbuka sana huanza kutunga. Usinitegemee.

Afya yangu ni ile ile. Daktari anasema moyo umechoka. Nalala nimekaa. Matrida ananisimamia hapa na simu yake anasubiri kupiga picha, kwa hiyo nafupisha.

Babu yako,
Mwl. Benjamini Mugeta


Bunda
3 Mei 2025

Shikamoo Babu,

Nimefika salama, nimeshapata chumba hapa Bunda, na ziara imeshapata wateja wa kwanza! Ni kikundi kizima cha wageni, wanakuja Jumamosi ya tarehe 24. Nisamehe sijafika Kitaji kukuona. Nitakuja yakishapita, nikuletee kahawa ya Vietinamu ambayo daktari atakukataza.

Kisimani nilikwenda, Babu. Kuna tope na ng'ombe wa watu. Nimerudi kwenye wazo langu. Nilipanda Mawe Mawili na Bibi Marieta, kwa miguu yake mwenyewe, akitukana mawe njia nzima. Nyoka hatukumwona hata mmoja. Fundi Mseti atakata minyaa upande mmoja tu, tupate mlango, kisha atasimika banda la nyasi katikati.

Na nimepata hadithi bila wewe! Tulipoketi pale juu nilimuuliza Bibi kuhusu siku ambayo babu Mniko aliondoka. Akasema (nayaandika kama alivyoyasema):

"Alitoka asubuhi na shati la buluu. Baba yako Danford alikuwa mgongoni kwangu. Jioni akaja Mwalimu Benjamini. Hakuingia ndani, hakukubali kiti. Nikamuuliza, mwenzako yuko wapi? Akasema, 'Amevuka, shemeji.' Basi nikajua ameenda Kenya, alikuwaga anasema kila siku atavuka Sirari akatafute kazi. Wazee wa ukoo walikujaga na mgomba, wanataka nizike mgomba badala ya mtu, nikae matanga, yaishe. Niliwafukuza na mwiko. Mtu aliyevuka anazikwaje?"

Miaka hamsini, Babu! Amekataa kuzika, amekataa kuolewa, kwa sababu ya neno lako moja. Nilimwambia, Bibi, huoni labda alishakufa huko huko? Akanijibu: "Akifa, watanileteaga habari. Mwalimu asingenidanganya. Ni rika lake, walitahiriwa siku moja."

Hii ndiyo nitawasimulia wageni wakila. Nimeshaipa ziara jina: Amevuka. Unaonaje?

Mjukuu wako,
Prudence


Kitaji
8 Mei 2025

Prudence,

Marahaba. Usikate minyaa. Kama Mseti ameshaanza, mwambie aache leo. Usichimbe pale hata shimo la nguzo. Jina hilo la ziara nalo libadilishe.

Sijawahi kukuomba kitu tangu uzaliwe. Sasa nakuomba. Usiniulize kwa nini kwa njia hii ya simu ya watu. Pale si mahali pa kukaa watu, na nitakueleza siku tukikutana. Ukiweza kuja, njoo.

Babu yako,
Benjamini


Bunda
13 Mei 2025

Shikamoo Babu,

Siwezi kuja kabla ya tarehe 24, nina mambo mengi, na nikueleze wazi kwamba barua yako imeniumiza.

Kwanza nyoka, kisha jua, sasa "si mahali pa kukaa watu". Kwa nini, kama si hiki nilichosikia? Mwaka jana mwanao Elias alikwenda ofisi ya kijiji kuulizia hati ya eneo la Mawe Mawili. Nilikataa kuamini. Sasa naona. Kama ukoo wako unataka kile kilima, semeni, tukutane mbele ya wazee. Usinizungushe kama mtoto. Wewe ndiye uliyenisomesha, na mtu aliyenisomesha anaweza kuniambia jambo moja kwa moja.

Nilimwambia Bibi. Akanigombeza mimi: "Usimvunjie Mwalimu heshima. Uzee unawafanyaga watu waone nyoka."

Kazi inaendelea. Nguzo tatu zimesimama vizuri. Ya nne, ile ya katikati, ilituchekesha: Mseti aliipiga nyundo ikazama yote kama imetiwa kwenye uji. Akasema, "Dada Pru, kilima chako kina njaa." Ameweka nyingine juu yake na kushindilia mawe. Wageni wataegemea hiyo hiyo.

Ni mimi,
Prudence


Kitaji
19 Mei 2025

Prudence,

Leo sikuanza na Marahaba. Ukifika mbele utajua sababu.

Barua hii haikupita kwenye simu ya Matrida. Nimeifunga mwenyewe kwa gundi, nimempa Grace wa dagaa anayekuja kuuza Bunda, na nimemwapisha asimpe mtu mwingine yeyote. Soma polepole.

Kabla ya yote: asikanyage mtu pale. Si wewe, si Mseti, si wageni, hata mbuzi. Ile nguzo haikuzama kwenye udongo laini. Chini yake kuna shimo la dhahabu, refu, na mdomo wake umefunikwa kwa magogo niliyoyalaza mimi na udongo nilioumwaga mimi. Magogo hayo yana umri wa baba yako. Minyaa niliipanda mimi, duara, ili watu na mifugo wapite pembeni. Uliandika kwamba panapendeza kama pamepangwa na mtu. Palipangwa na mtu.

Ndani ya shimo hilo yumo babu yako Mniko.

Kama umesimama, kaa. Kisha endelea.

Mwaka 1975 nilikuwa mwalimu wa serikali, nina suruali za kupigwa pasi na baiskeli. Mniko alikuwa na shamba la pamba, mke kijana na mtoto mchanga. Alitaka kuvuka Sirari akatafute kazi Kenya. Mimi ndiye niliyemzuia. Nilikuwa nimesoma kwamba penye mwamba mweupe unaong'aa huenda pana dhahabu, na Mawe Mawili yana mwamba huo. Kuchimba bila kibali lilikuwa kosa, na kwa mtumishi wa serikali lilikuwa kosa mara mbili. Kwa hiyo tulichimba siku za soko la pamba, mchana, kilima kikiwa hakina watu. Alikuwa akinitania: "Mwalimu, wewe shika kamba na Kiswahili chako. Mimi nishike sururu." Ndivyo tulivyogawana kazi.

Siku ile kamba ililegea mikononi mwangu kabla sijasikia chochote. Kisha vumbi likapanda.

Nilimwita, akaitika. Nataka ulijue hilo, kwa sababu ndilo nililowaficha watu wote, hata padri. Sauti yake ilitoka mbali, kama ya mtu aliyefunikwa blanketi zito. Alisema, "Beni, ita watu."

Nikashuka mbio kwenda kuita watu. Kwenye njia panda nikakutana nao. Walikuwa wanatoka kuuza pamba, kundi zima, wanaume wenye nguvu, wengine na majembe begani, wake zao, na watoto wa darasa langu. Wote wakanisalimia kwa pamoja: "Shikamoo Mwalimu."

Nikasema, "Marahaba."

Walisimama. Nilikuwa nahema, nguo zangu zimejaa vumbi. Mzee mmoja akauliza, "Kwema, Mwalimu?"

Nikasema, "Kwema."

Wakapita.

Sina maelezo zaidi ya hayo. Niliwaza kazi yangu. Niliwaza pingu, na wale watoto wakiniona nimefungwa. Nikajidanganya kwamba nitarudi nimtoe mwenyewe, kwa mikono yangu, na hakuna atakayejua. Nilirudi. Nilichimba mpaka kucha zikatoka. Nilimwita na kumwita. Hakuitika tena. Nikafunika.

Jioni nilikwenda kwa bibi yako. Njia nzima nilitafuta neno. Nilikuwa fundi wa maneno, Prudence, nilifundisha Kiswahili. Sikutaka kusema uongo, na ukweli niliuogopa. Ndipo nikapata neno lenye milango miwili. Amevuka. Mtu akivuka Sirari, amevuka. Na mtu akivuka kutoka dunia hii, amevuka pia. Nilimpa Marieta neno hilo nikamwacha achague mlango, nikijua fika atachagua upi. Nilirudi nyumbani nikijiambia sikudanganya.

Sikufikiria mgomba. Nilidhani atalia mwaka, wazee watamletea mgomba, watauzika, atakaa matanga, ataolewa, ataishi. Alipowafukuza na mwiko nilikuwepo, nimekaa miongoni mwa wazee. Nilinyamaza. Baba yako alipokua na kwenda Migori, kule Kenya, kumtafuta, akarudi na habari za mzee mwingine mwenye jina hilo hilo, mimi ndiye niliyempiga bega na kumwambia asikate tamaa.

Elias nilimtuma mimi kuulizia hati. Nilitaka kilima kile kiwe chetu ili asije akachimba mtu. Hakujua sababu. Usimchukie.

Nilikusomesha. Usinishukuru tena kwa hilo.

Thanh wako alisema kuongoza ni kujua pasipokanyagwa. Katika nchi nzima ni mimi tu ninayejua, na nilikuwa tayari kufa nalo. Kisha ukaniandikia kwamba wageni wataegemea ile nguzo.

Benjamini Mugeta


Bunda
25 Mei 2025

Mwalimu Benjamini,

Sikuamkii.

Barua yako ilinifikia Ijumaa, siku moja kabla ya ziara. Grace alipotea na mzigo wake wa dagaa Kibara, akaja nayo ikinuka. Wageni niliwapeleka Mugango. Wamekula sato, wamepiga picha za mitumbwi, wameandika kwenye mtandao kwamba mahali ni pazuri ila mwongozaji ni mkimya mno.

Leo nimepanda na Mseti na kamba ndefu kiunoni. Tumeng'oa banda kutoka nje ya duara, kwa kulivuta. Ile nguzo ya katikati ilipotoka iliacha tundu. Mseti akatupa jiwe. Tukasikiliza. Hatukusikia likifika chini.

Bibi sijamwambia. Jana jioni aliniuliza, "Wageni wako waliipenda habari ya babu yako?" Nikajibu, "Walipenda sana huku kwetu, Bibi." Umeona? Nimekaa na siri yako kidogo tu na mimi nimeshajua kusema neno lenye milango miwili. Nilikuwa mwanafunzi wako katika mambo yote. Katika hili sitaki.

Njoo umwambie. Kwa mdomo wako. Usipokuja, Jumapili ijayo nitamsomea barua yako yote, na pale penye njia panda sitaruka.

Prudence


Kitaji
28 Mei 2025

Prudence,

Daktari amenikataza safari. Nikitembea hadi mlangoni napoteza pumzi. Barua ile niliiandika kwa ajili yenu wote. Msomee wewe. Mwambie naomba radhi.

Benjamini


Butiama
2 Juni 2025

Kwa shemeji Mwalimu Benjamini, huko Kitaji.

Ninayesema ni mimi Marieta, anayeandika ni Prudence. Nimemwambia aandike ninavyosema, asinitengenezee Kiswahili.

Jana amenisomea. Alikuwa anasoma anasimama, anasoma anasimama. Nikamwambia, soma, mimi si yai. Pale kwenye njia panda nikamwambia arudie. Akarudia. Nikamwambia arudie tena.

Kwenye lile kundi nilikuwepo. Hukuniona? Nilikuwa nyuma, nimembeba Danford, nimejitwisha kikapu. Tulikuwa tumetoka kuuza pamba na mama mkwe. Mimi pia nilikusalimia. Nilisema shikamoo na wenzangu, na wewe ukasema marahaba. Mume wangu alikuwa hai, hapo juu, na wewe ukaniitikia.

Nimekaa na hilo tangu jana. Ningekwenda na kikapu kichwani, Mwalimu. Ningechimba na mtoto mgongoni. Wale wanaume wote walikuwaga wanampenda Mniko.

Unaomba radhi kwa mdomo wa nani? Umemtuma mtoto aniambie. Ile siku ulikwenda kuita watu ukawaacha wapite, na leo tena umetaka kupita. Unasema daktari amekukataza safari. Mimi nimekatazwa mengi. Nimekatazwa kuvaa nguo ya msiba miaka yote hii, na wewe ndiye uliyenikataza, kwa neno moja, mlangoni kwangu, bila kukaa.

Sasa sikia. Prudence anaongozaga wageni. Jumamosi hii mgeni ni mimi, na mwongozaji ni wewe. Gari litakufuata asubuhi. Danford yuko hapa, Mseti yuko hapa, wana mikono, watakubeba na kiti. Utanionyesha. Mgomba nimeshauchagua, ni ule wa nyuma ya jiko, una mikono mizuri ya ndizi lakini basi.

Ukitaka kufa kwanza, ufie njiani.

Marieta


Kitaji
10 Juni 2025

Mjukuu wangu, kama bado naruhusiwa kutumia neno hilo,

Uliponishusha hapa mlangoni Jumamosi ulisema "Shikamoo", taratibu, kama unajaribu mguu kwenye daraja. Sikuitika. Usidhani ni kiburi au ukiziwi. Neno la kuitikia limegoma kupanda kooni. Najua sasa ni nani aliyekuwa nyuma ya lile kundi na kikapu kichwani. Kila nikifungua mdomo namwona. Nisamehe kwa hilo pia, na usichoke kunisalimia.

Matrida nimemweleza yote. Alilia, kisha akaniuliza kama nataka uji. Mtendaji nimemwandikia, na polisi wakija nipo kitandani, sikimbii. Elias hajaongea nami. Ataongea au hataongea.

Siku ile nairudia kichwani kila nikikaa kulala. Danford na Mseti walipokuwa wananipandisha na kiti, bibi yako alikuwa mbele yetu na fimbo yake. Akasimama, akageuka, akawaambia: "Mpitisheni mbele. Mwongozaji hakaagi nyuma." Wakanipitisha mbele. Sijawahi kuogopa darasa wala mkaguzi kama nilivyoogopa kuwa mbele ya yule mama. Nilinyoosha kidole: hapa pitieni, hapa msikanyage, hapo ndipo lilipoanzia gogo la kwanza. Kidole kilijua kila kitu. Kilikuwa kinangoja.

Uliona mwenyewe jinsi Danford alivyoushusha mgomba kwenye lile kaburi dogo mlilochimba nje ya duara, umefungwa shuka jeupe, akiushika upande wa kichwa kama ana hofu utaumia. Uliona Marieta alivyotoa sauti. Sikujua sauti kama ile inaweza kukaa ndani ya mtu muda wote huo bila kuoza.

Lakini kuna jambo labda hukuliona, kwa sababu ulikuwa umejifunika uso. Wote mlipokuwa mnatupa udongo, niliinama kutoka kwenye kiti nikachota na mimi. Bibi yako akanishika mkono. Ana nguvu bado. Akanikunjua vidole kimoja kimoja mpaka udongo ukamwagika. Akasema, bila hasira, kama mtu anayemkumbusha mgeni kwamba ameshapakuliwa:

"Acha, shemeji. Wewe ulishatupa wako."

Ameniita shemeji. Sijui kama ni rehema au ni hukumu. Nimeamua nisiulize.

Tulipokuwa tunashuka uliniuliza swali, nami sikuwa na pumzi ya kukujibu. Ulisema hutaifuta ziara. Utawapandisha wageni hadi Mawe Mawili, wasimame nje ya minyaa, na ukauliza uwaambie nini kuhusu mahali pale.

Nimelifikiria kama mwalimu. Usiwaambie hadithi ndefu, watapiga picha. Usiwaambie aliondoka, usiwaambie alitangulia, alipotea, alilala, wala lile neno langu. Waonyeshe njia, waambie wasikanyage wapi. Kisha sema jina lake, Mniko, na useme alikufa hapa, mchana, akiita watu.

Alikufa. Andika hivyo hivyo kwenye kibao. Neno hilo lina mlango mmoja.

Benjamini